Presha ya Kushuka

Raimundi alipofika shambani kwa shemeji yake, Bartholomayo alikuwa ameshamaliza kufyeka na alikuwa analaza nyasi. Alilaza mstari mmoja kufuata mteremko, mwingine kuukata, mpaka kilima kikawa na miraba kuanzia juu hadi chini. Nyuma yake mkewe, Ottilia, alichimba katikati ya kila mraba, na kwa udongo alioutoa akazifukia zile nyasi. Hivyo ndivyo ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, zinavyotengenezwa kila msimu wa maharage: mwanamume nyasi, mwanamke jembe, na watu wa miradi wakija kupiga picha husema wanawake wa Umatengo wana nguvu. Ottilia alikuwa mdogo wake Raimundi, tumbo moja, na nguvu kweli alikuwa nazo. Siku hiyo alikuwa na hasira pia, kwa sababu mumewe alikuwa akipumzika kila baada ya muda mfupi na jembe lilikuwa linakaribia kumfika visigino.

"Shikamoo kaka," alisema bila kuinua mgongo.

"Marahaba. Mlamu, za kuamka?"

"Nzuri tu, mlamu." Bartholomayo alijinyoosha, akaitazama fulana ya kijani iliyoandikwa Baba Imara kifuani. "Leo umevaa sare. Kumbe wageni wanakuja kweli."

"Wanakuja. Wamelala Mbamba Bay, jana walikuwa na vikundi vya kule ziwani. Leo zamu yetu. Na wewe ndiye wa kutoa ushuhuda, sasa unafanya nini huku na matope mpaka magotini?"

"Maharage hayajui mambo ya ushuhuda."

Kilima cha Bartholomayo si cha kupanda kwa haraka, na Raimundi alikuwa amekipanda kwa haraka. Koo lilikuwa limemkauka. Aliiona chupa ya maji ya shemeji yake imelazwa chini ya mgomba, akaifungua, akapiga funda kubwa, akatema lote.

"Maji gani haya?"

"Dawa," alijibu Bartholomayo.

"Mlamu, hii ni chumvi."

"Maji na chumvi, ndiyo. Ottilia ananikorogea asubuhi."

"Dawa ya nini?"

Bartholomayo alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake na mama yake mzazi. "Ya presha ya kushuka. Si wewe mwenyewe uliniambia imeshuka?"

Raimundi alibaki ameshika kifuniko cha chupa. Alijua papo hapo kilichotokea.

Kila mtu pale kijijini anajua kuna presha mbili. Kuna ya kupanda, ambayo mwenye nayo haguswi na chumvi wala pombe na anameza vidonge. Na kuna ya kushuka, ambayo mwenye nayo anaona kizunguzungu, naye huambiwa alambe chumvi, anywe soda, ale vizuri. Ni magonjwa mawili, kama malaria na minyoo. Ukipona moja unaweza kuingia la pili. Hakuna aliyewafundisha hivyo, wala hakuna aliyewahi kuwafundisha vinginevyo, na Raimundi, aliyekwenda Mbinga kwa semina ya wiki nzima na kurudi na begi la mashine ya kupimia presha, alikuwa amezungumza nao muda wote huo kwa kutumia neno lilelile.

Mradi ulikuwa umemchagua yeye kwa sababu hakuwa mtaalamu. Wanaume hawaendi zahanati, walisema watu wa mradi, ila wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Basi atafutwe mwanaume miongoni mwao, afundishwe, aitwe mwelimishaji rika. Raimundi alikuwa mnywaji wa kilabuni kama wenzake mpaka kaka yake alipoangukia kwenye kichanja cha kahawa, mdomo ukaenda upande na mkono ukalala, akafa kabla kahawa haijakauka. Baada ya hapo alikubali begi. Alikwenda kukaa kwenye benchi la kilabu bila kunywa, akawapima waliokuwa wanakunywa. Walimwita Daktari Fulana. Walimzoea. Bartholomayo, aliyekuwa anashindana na pombe ya komoni na chumvi kwa pamoja, alitoa mkono wake kwa utani, na namba iliyotokea ikanyamazisha benchi zima.

Alibadilika kweli. Aliacha komoni isipokuwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kigango, akala maharage ya chukuchuku yenye ndimu huku akilalamika, akameza vidonge kila asubuhi. Na siku namba ilipokaa sawa, Raimundi alisimama pale kilabuni akawatangazia watu wote kwa furaha kwamba presha ya shemeji yake imeshuka. Akampigia simu Meshack, afisa wa mradi aliyeko Songea. "Imeshuka?" alisema Meshack. "Safi sana, mzee wangu. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Tuletee wengi wa hivyo." Raimundi akamletea wengi wa hivyo. Kila namba ilipokaa sawa, alisema imeshuka.

"Vidonge viko wapi?" aliuliza sasa.

"Nilimgawia jirani. Yeye bado inapanda."

"Toka lini?"

Ottilia ndiye aliyejibu, na safari hii aliinua mgongo. "Toka Noeli, kaka. Mashine yako ilikuwa imekufa betri, tukasema tusikusumbue. Anaumwa kichwa kila siku. Nikajua ni kule kushuka, nikamwongezea chumvi."

Betri zilikuwa zimekuja jana. Raimundi alikuwa ameziomba tangu mwisho wa mwaka, kila mara akiambiwa bajeti inafungwa, na jana jioni Meshack alimtumia pakiti nzima kwa basi, mpya, kwa ajili ya wageni. Alifungua begi palepale juu ya udongo mbichi, akamkalisha shemeji yake kwenye tuta, akamfunga kitambaa mkononi. Mashine iliunguruma, ikajaza upepo, ikaachia. Mia moja tisini na nane juu, mia moja na kumi na sita chini. Akarudia. Ikawa ileile, na moja zaidi.

Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Imeshuka sana?" aliuliza Bartholomayo.

"Mlamu, nisikilize. Hakuna presha mbili. Presha ni hiyo moja. Ilipanda, vidonge vikaiteremsha. Ulipoviacha imerudi juu, na chumvi inaisukuma."

"Lakini ulisema—"

"Nilisema. Sasa angalia hapa." Alionyesha mteremko chini yao, matuta ya msimu uliopita ambayo mvua zote zile hazikuweza kuyabomoa. "Msimu uliopita mlichimba ngoro. Udongo ulishuka mtoni?"

"Haukushuka."

"Kama haukushuka, mnachimba tena za nini?"

Bartholomayo alikuna matope gotini. Mkewe alikuwa ameegemea mpini wa jembe.

"Kwa sababu ngoro ndiyo inaushika," alisema Ottilia polepole. "Ukiacha kuchimba, mvua ya kwanza inaubeba wote." Halafu akamgeukia mumewe, na sauti ikamtoka ndogo. "Mimi ndiye niliyekuwa nakukorogea."

"Hukujua," alisema Raimundi. "Mimi ndiye niliyesema neno."

Wote watatu walikuwa na kosa na hakuna aliyekuwa na ubaya. Jambo la namna hiyo ni gumu kulibeba, maana huna wa kumgombeza.

Zahanati ilikuwa karibu, lakini Raimundi alijua haina kitu. Hilda, muuguzi pekee pale, alikuwa na wiki nyingi akiandika kuomba vidonge vya presha na kujibiwa kwamba avumilie. Mgonjwa wa namba ile alikuwa wa kupelekwa hospitali, mjini Mbinga, na siku hiyo, kwa bahati, kijijini kulikuwa na gari linakuja.

"Tuteremke," alisema. "Wageni wakifika namwomba Meshack gari. Ni njia yao hiyohiyo."

Bartholomayo alicheka kidogo, kicheko cha upande. "Niende kujitangaza nimepona, halafu nipandishwe gari la wagonjwa."

"Utakwenda kwa gari la kifahari, mlamu. Ushukuru."

Waliteremka, Ottilia akitangulia na lile jembe begani kama mtu aliyesahau kuliacha.

Ofisi ya kijiji ilikuwa imepambwa. Bango la mradi lilifungwa kwenye nguzo za baraza, viti vya kanisani vimepangwa mbele, mabenchi ya kilabu nyuma, na wanaume wa kikundi walikuwa wameshakaa, karibu wote na fulana za kijani, baadhi zimepauka mpaka Imara haisomeki. Harufu ya pilau ilitoka uani. William, kijana wa bodaboda, alikuwa akishusha kreti za soda kutoka kwenye pikipiki yake. Hilda alikuwepo, amevaa sare yake nyeupe, ameitwa ili aonekane.

Raimundi alimnong'oneza ile namba. Hilda alikwenda moja kwa moja akamshika Bartholomayo mkono, akamwambia anyanyue yote miwili, atabasamu, ataje jina la mke wake. Bartholomayo alinyanyua, akatabasamu, akasema, "Ottilia, yule mkali." Watu wakacheka.

"Bado yuko sawa, hakuna kiharusi," Hilda alimwambia Raimundi pembeni. "Lakini huyu asikae hapa. Kwangu sina hata kidonge kimoja, unajua. Aende hospitali sasa."

"Gari linakuja."

"Basi lije."

Lilikuja jua likiwa limeshapita utosi, maana wageni walikuwa wamekaa sana kwenye samaki kule ziwani. Lilikuwa gari refu jeupe, madirisha yamefungwa, na ndani yake wageni watatu, dereva, na Meshack, mwenye sauti nzuri na viatu visivyopenda matope. Alimkumbatia Raimundi mbele ya watu. Raimundi alimvuta upande wa nyuma wa gari kabla hajaanza kusalimia wengine, akamweleza yote, kuanzia chumvi.

Meshack alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Raimundi alilijua, ndiyo maana aliamini.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Hilo ni la kulishughulikia. Lakini gari la mradi haliruhusiwi kubeba mgonjwa. Akipatwa na lolote humo ndani, kazi yangu imekwisha, na ya dereva."

"Si mnapita Mbinga?"

"Tunapita. Sheria ndiyo hairuhusu. Ngoja tumalize hafla, niwaulize wageni wenyewe. Ni muda mfupi tu. Mwache aseme maneno machache, anaweza, namwona amesimama. Wametoka mbali kwa ajili yake."

"Wametoka mbali kwa ajili ya presha yake iliyoshuka. Haipo."

"Ilikuwepo," alisema Meshack kwa upole. "Hatusemi uongo. Ilishuka."

Ilishuka, kweli. Raimundi alirudi kukaa kwenye benchi jirani na shemeji yake, akijichukia. Alitakiwa amchukue William na pikipiki yake dakika ileile. Alikaa kwa sababu ya ile heshima ya kijinga tunayompa mtu aliyekuja na gari, ambayo inamfanya mtu mzima asubiri ruhusa ya kumpeleka ndugu yake hospitali.

Mwenyekiti wa kijiji alihutubia. Meshack alihutubia, kisha akajitafsiri mwenyewe kwa wageni. Alisema mradi unafikia ukomo lakini kazi inabaki mikononi mwa wananchi. Alisema mashine itarudi ofisini leo kwa ajili ya kumbukumbu za vifaa, lakini elimu hairudi. Raimundi alilitazama begi mapajani mwake. Pembeni yake Bartholomayo alikuwa ameegemeza kichwa kwenye nguzo na kufumba macho, na jasho lilimtoka ingawa upepo wa kilimani ulikuwa baridi.

"Sasa tumsikie shujaa wetu," alisema Meshack. "Mzee Bartholomayo, karibu."

Raimundi ndiye aliyesimama.

"Naomba niseme mimi kwanza," alisema. "Nitakuwa mfupi." Alimfunga shemeji yake kitambaa pale pale kwenye benchi, mbele ya viti vya wageni. Mgeni mmoja mwenye kamera alisogea, akapiga goti kwenye matope. Mashine iliunguruma, na kwa sababu watu wote walikuwa wamenyamaza, ilisikika mpaka uani kwenye masufuria.

"Mheshimiwa Meshack, njoo uwasomee."

Meshack alikuja, akainama, akaangalia. "Iko juu kidogo," alisema.

"Soma namba."

Alisoma, kwa sauti ya chini. Hilda, aliyekuwa amesimama nyuma, akairudia kwa sauti ya darasani: mia mbili na tano kwa mia moja na kumi na nane. Wanaume wa kikundi walikuwa wanajua namba. Hicho nacho Raimundi alikuwa amewafundisha, na alikiona kimewafika.

"Ndugu zangu," alisema. "Mlamu wangu aliacha vidonge akaanza kunywa maji ya chumvi. Si kwa ujinga. Mimi nilimwambia imeshuka, naye akajua ameugua ile ya kushuka. Hakuna ile ya kushuka. Nilitakiwa niseme vidonge vimeishika. Vimeishika tu, kama ngoro inavyoshika udongo, ukiacha kuchimba unaondoka. Sasa nataka kujua. Nani mwingine aliacha kwa sababu nilimwambia imeshuka? Nyoosheni mikono, hakuna atakayechekwa."

Kwanza hakuna aliyenyoosha. Kisha mkono mmoja ulipanda kutoka benchi la nyuma, wa fundi seremala. Kisha wa katekista. Kisha wa jirani wa Bartholomayo, yule aliyegawiwa vidonge, ambaye naye aliwahi kuambiwa vilevile, akaacha vya kwake mpaka ikapanda tena. Mikono iliendelea kupanda, mikono mizito ya wakulima, mingine ina kovu la panga, mpaka Raimundi akashindwa kuitazama. Alikuwa amewapima wote hawa mwenyewe. Alikuwa amewapongeza wote.

Mgeni mwenye kamera aliuliza kitu. Meshack alisita, kisha akamjibu kwa Kiingereza, kwa maneno machache. Raimundi hakujua lugha ile, lakini neno presha alilisikia, na aliuona mkono wa Meshack, kiganja kikiangalia chini, ukiteremka taratibu kutoka kifuani hadi kiunoni.

Nyuso za wageni zilichangamka. Walipiga makofi. Yule wa kamera alirudi nyuma hatua kadhaa ili awapate wote, fulana za kijani, bango, na ile mikono juu, akapiga picha, akapiga tena, akawaonyesha kwa ishara waendelee kuinyoosha hivyohivyo. Nao, kwa kuwa ni watu wenye adabu, wakaendelea kuinyoosha.

"Wanapiga makofi ya nini?" aliuliza Ottilia kwa sauti.

Raimundi hakusubiri tena. Alimwita William, akamwambia aache soda. Walimweka Bartholomayo katikati, nyuma ya William, na Raimundi akapanda nyuma yake akamzungushia mikono. Hilda alikuja mbio na karatasi ya rufaa, akaisukuma mfukoni mwa fulana. Ottilia alisimama mbele ya pikipiki akamfunga mumewe khanga yake kichwani dhidi ya upepo, akitumia muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

"Nakuja na gari lolote litakalopita," alimwambia. "Unanisikia?"

"Nakusikia, mkali wangu."

Meshack alikuwa anakuja kupitia viti, amenyoosha mkono. "Mzee Raimundi, samahani. Mashine. Lazima leo nirudi nayo, imeandikwa jina langu."

Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa mkononi mwa Bartholomayo, na bomba lake limeingia kwenye begi lililobanwa katikati yao wawili.

"Iko kazini," alisema Raimundi. "William, twende."

Barabara ya kuteremka Mbinga ilikuwa imechimbwa na maji, na William aliichagua kwa uangalifu, ukingo huu, kisha ule, akiwaita abiria wake wazee na kuwaomba radhi kwa kila shimo. Walipita mashamba ya kahawa, wakapita watu walioinama kwenye ngoro zao, ambao waliinuka kuwatazama. Raimundi alihisi uzito wa shemeji yake ukimlalia kifuani, ukizidi kidogo kila kona.

"Mlamu," alisema Bartholomayo. Maneno yalikuwa yanamtoka kama mtu mwenye ugali mdomoni. "Sasa tunapanda au tunashuka?"

"Usiseme sana. Tumekaribia."

"Nauliza tu."

"Mshike William kiunoni. Shikilia kwa mikono yote miwili, mlamu. Shikilia."

Mkono wa kulia ulikwenda mbele ukalikamata koti la kijana. Raimundi aliusubiri wa kushoto. Ulikuwa umelala juu ya paja, na kitambaa cha mashine juu ya kiwiko, ukitikisika kwa mitikisiko ya barabara. Akautwaa yeye, akaupeleka mbele, akaubana na wake kwenye koti la William, akamwambia kijana aongeze mwendo.